Mkia wa Bi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Ugomvi mdogo leo mbele ya chumba cha Bi Harusi. Madam — banda ni lake, farasi ni wake, na sisi wafanyakazi nusu ni wake — kasema mkia umerefuka kupita kiasi. Unaburuta chini. Farasi akirudi nyuma anaukanyaga, anajing'oa singa za mkia mwenyewe. Tuupunguze kidogo tu, usawa wa kwato, kabla ya maonyesho.

Baba alikuwa ameinama nyuma ya farasi, anauchambua mkia kwa vidole. Hakunyanyua hata kichwa. Akasema farasi wa Kiarabu hakatwi mkia. Wale wengine, wenye miguu minene, kata upendavyo, nyoa upara ukitaka! Huyu anaachwa, mkia ushuke mpaka uchoke wenyewe. Ukiona unakanyagwa, suka, tia kwenye soksi ya mkia, basi.

Madam akacheka, akanyoosha mikono juu. Habishani na Baba kuhusu mikia. Baba aliacha usaisi, kazi ya kutunza farasi, siku nyingi, lakini mimi nimeurithi, na kila asubuhi nakuja naye, namwacha na Bi Harusi wake. Tulimwita hivyo tangu akiwa mtoto wa farasi, maana hata wakati huo alikuwa anatembea na mkia juu, anaangalia watu kwa pembeni. Singa zinazodondoka Baba anaziokota, anazikunja, anazitia mfukoni. Mdogo wangu anayebaki nyumbani akifua nguo za Baba ananung'unika wiki nzima.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kuosha mkia. Maji ya uvuguvugu, shampuu, kusuuza mpaka maji yatoke safi. Mafuta kidogo kiganjani. Kitana marufuku mpaka ukauke, na hata ukikauka unaanzia chini, unapanda taratibu, mkono mwingine umeshika juu ili asivutike. Msuko unaanza chini ya mfupa, kamwe si juu yake. Kisha soksi.

Mwisho ni bendeji, kwenye shina la mkia, kulaza zile nywele fupi za juu zinazosimama ovyo. Inakaa muda wa kunywa chai. Chai ikiisha, bendeji inatoka. Ndani ya mkia mna mfupa na damu inapita. Bendeji ikikaza, hasa ikifungwa na maji, damu haipiti. Hilo Baba alinifundisha kabla sijajua kufunga viatu vyangu mwenyewe.

Leo kafunga yeye, nikafungua mimi.

Njiani kuja aliniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia kaenda sokoni. Zamani nilikuwa namwambia ukweli, kwamba mama tulishamzika. Kila nikimwambia, anapokea msiba upya, anakaa chini, analia upya. Nikaona huu ni ukatili. Sasa mama yuko sokoni. Ana soko refu, marehemu mama yangu!

Mdogo wangu anataka Baba abaki nyumbani. Anasema atapotea, ataumia, nitakuja kujuta. Mimi nimekataa. Alipougua mguu akabaki ndani, alikuwa anashika kijiko na kukitazama tu, hajui kinafanya nini. Siku niliyomrudisha bandani, alisuka mkia mzima huku anapiga mluzi. Kichwa kinasahau, mikono haisahau. Wakimfungia geti la banda, Baba nimempoteza, atabaki mzee fulani anayeishi kwetu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoka. Farasi wote wameoshwa kwa ajili ya maonyesho. Baba kafanya kazi ya kijana leo, hata Madam kamsifu. Jioni nilimwacha amuage Bi Harusi nikaenda kubadili viatu na kufunga ghala. Alitoka anatabasamu, mikono inachuruzika maji. Nikamfuta kwa kitambaa changu kama anavyofutwa mtoto. Nikamwambia umenawa vizuri, Baba.

Kesho napumzika. Nitalala mpaka jua linitoe lenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Baba hakutulia kutwa. Anazunguka, anashika vitasa vya milango, anasema kuna kitu hakumaliza. Kitu gani, Baba? Hajui. Mdogo wangu akampa maharage ayachambue. Akachambua, akatulia.

Jumatatu, 10 Machi

Ee Mungu wangu.

Nimefika, Bi Harusi amesimama kona, hajagusa chakula. Nikamvua shuka la kumkinga na nzi, lile linaloshuka mpaka mkiani. Chini yake bendeji. Bendeji! Imefungwa mbichi, imekaukia hapohapo, imekaza mpaka kucha haipenyi. Tangu Jumamosi jioni. Anayelisha Jumapili anamwaga chakula na maji, hafunui shuka la mtu.

Nimeikata kwa mkasi. Mkia baridi. Nimeubonyeza, hakushtuka.

Nililijua lile fundo. Ncha imekunjwa ndani, ikasokotwa kushoto. Wanaofunga hivyo dunia nzima ni wawili, Baba na mimi aliyenifundisha.

Baba alikuwa nje kwenye benchi, anasubiri nimwite. Mikono yake ilikumbuka kufunga, na imefunga vizuri, hakuna mkunjo hata mmoja. Kufungua ni kazi ya kichwa. Mimi nilijidanganya kwamba mikono inatosha.

Daktari wa farasi kaja mbio. Kakanda, kachoma sindano, kaweka maji ya moto. Kasema tusubiri, lakini hakunitazama usoni aliposema.

Madam kasimama mlangoni, sauti ya chini kabisa. Nani kafunga?

Nikasema, "Mimi."

Ilitoka yenyewe. Sikuwaza. Hapana, niliwaza — niliona geti likimfungia Baba.

Jumanne, 11 Machi

Nimeondolewa kwa Bi Harusi. Nasafisha vyumba, nabeba samadi, farasi siwagusi. Madam hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, wewe, mtoto wa yule mzee, umewezaje?

Halafu kasema la pili. Kuanzia sasa Bi Harusi atashikwa na Baba. Aje kila siku, asimamie mikia ya farasi wote mpaka maonyesho yapite. Kasema yule ndiye pekee anayemwamini.

Nikajitahidi. Baba kachoka, Madam. Baba ana mafua. Akasema basi apone, kisha aje.

Nyumbani nimemweleza mdogo wangu yote. Kaniambia nikaseme ukweli kesho asubuhi. Nikamwambia nikisema, Baba hatatia mguu pale tena. Akaniuliza, "Na akimfunga farasi mwingine?"

Nikainuka kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ijumaa, 14 Machi

Baba yuko ndani tangu Jumanne kwa mafua asiyokuwa nayo. Anavaa viatu vya kazi asubuhi, anasimama karibu na mlango. Ukimwambia leo hatuendi, anasema sawa, halafu anaendelea kusimama. Jana hakula. Mdogo wangu alimlisha. Baba yangu, aliyekuwa akimshika farasi dume kwa mkono mmoja, analishwa uji na bado unamwagika kidevuni.

Bandani hali mbaya zaidi. Ngozi ya mkia imekuwa nyeusi, inatoa maji. Singa zinatoka kwa mafungu, nimeziona zimelala kwenye majani nilipokuwa nafagia. Sikuruhusiwa kuingia, nimefagia mlangoni tu. Bi Harusi kanijua. Kanyoosha shingo, nikajifanya sijaona.

Daktari kasema mkia umekufa. Ukiachwa, uozo utapanda mgongoni na tutampoteza yeye mwenyewe. Jumatatu anakata.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekata.

Madam kaniruhusu nishike kichwa chake, kwa sababu hatulii kwa mwingine. Daktari alimchoma ganzi, akafanya kazi yake vizuri na kwa upole, sina la kumlaumu. Mimi nilimfunika jicho kwa kiganja. Nilikuwa namwambia maneno ya kijinga tu, kwamba ni mzuri, kwamba bado ni mzuri.

Mkia ulilazwa juu ya gunia. Bado ulikuwa mrefu kuliko mimi. Madam akaukunja taratibu, akaubeba kifuani, akaenda nao ofisini akafunga mlango. Tukamsikia analia. Mimi nililia kwenye samadi, ndiyo sehemu yangu siku hizi.

Mchana nzi wakaja. Bi Harusi anatikisa kile kipande kilichobaki, anakitikisa tena, anageuka kutazama kwa nini hawaondoki. Hilo ndilo lililonimaliza. Daktari kasema atazoea, avalishwe shuka daima. Maonyesho basi. Maisha yake yote ya mbele ni shuka na nzi.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika kwa haraka, ndani ya ghala la majani.

Asubuhi Madam kampigia simu mdogo wangu kumuulizia Baba mafua. Mdogo wangu akasema mafua gani? Sijui kama ulimi ulimponyoka au alikusudia. Madam kachukua gari, kaenda kwetu mwenyewe. Nasafisha chumba, nageuka, namwona Baba anashuka garini na viatu vyake vya kazi, uso umechangamka. Leo kichwa kimetulia. Kanisalimu, kaniuliza kama nimekunywa chai.

Wakaingia kwa Bi Harusi, nami nikawafuata, hakuna aliyenizuia. Bi Harusi akamjua palepale. Akamnusa kifua, akamsukuma kwa paji la uso. Baba hakumjua. Akampapasa kwa adabu, namna mtu anavyompapasa farasi wa watu. Akamuuliza Madam kama huyu ni mgeni, na Bi Harusi kahamishiwa wapi.

Madam akasema ndiye huyu, mzee wangu.

Baba akazunguka nyuma. Akainua shuka. Vidole vyake vikaanza kwenda, vinachambua, vinashuka, na hapakuwa na kitu pale. Kisha akainama kutazama kidonda, akaona kilipoanzia. Alijua mara moja.

Akasema, "Hii ni bendeji. Imefungwa mbichi, ikasahauliwa. Nani kafanya hivi?"

Madam akanitazama. Akamwambia amuulize binti yake.

Nilikuwa na fimbo ya ufagio mkononi. Niliufikiria ukweli. Niliufikiria akiupokea leo, akiulizia tena kesho, akiupokea upya, kila siku akiua mkia uleule. Nikasema, "Ni mimi, Baba."

Hakukasirika. Laiti angenipiga na ule ufagio! Alinitazama na macho yakamjaa, akasema, "Nilikufundisha vibaya, mwanangu?"

Nikasema hapana, Baba. Ulinifundisha vizuri.

"Basi usiguse tena farasi."

Nikasema sawa, Baba. Nikasema naenda kuleta maji, nikaja huku.

Nawasikia kupitia mbao. Anamfundisha Madam. Muda wa chai tu, anamwambia. Chai ikiisha, inatoka. Kamwe usifunge na maji. Usikaze kuliko unavyofunga jeraha la mtoto. Kila neno ni sahihi, sauti ni ile ya zamani, ile iliyonilea. Madam anaitikia, ndiyo mzee, ndiyo. Anafarijika, nasikia. Ni mara ya kwanza siku kumi hizi namsikia akiongea kwa sauti yake. Na Baba ananguruma pale kwa furaha ya kazi, yuko hai, ni Baba mzima. Nilichokilipia ni hiki hapa, nakisikia kwa masikio yangu.

Sasa anasema chumba cha pili kuna farasi jike mchanga mwenye mkia mzuri, na nywele za juu zimesimama ovyo. Maji yapo kwenye ndoo. Anamwambia Madam amletee bendeji, amwonyeshe inavyofungwa.

Madam ananiita. Kaita tena.

Bendeji zote ziko kwenye boksi. Boksi nimelikalia mimi. Viatu vya Madam vinakuja upande huu, na mimi sijainuka.