Sindano Kwenye Mguu Mzima

Kisumu, Alhamisi, 1994. Mawingu tangu asubuhi, joto limekaba, mvua haishuki.

Simwamini mume wangu.

Tangu anioe, Baba Apiyo hajawahi kuosha sahani. Wiki hii anaosha sahani na kuchota maji. Juzi alitoka kwao Asembo Bay na samaki, akapika mwenyewe, kisha akanitolea miba kana kwamba mimi ni mtoto. Mtu habadiliki hivyo bure.

Ugonjwa ulianza na mkono wangu wa kulia. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nyamasaria, na sindano ikawa inaniponyoka. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha pili ikabonyea. Daktari wa kwanza alisema ni shingo. Dawa zake hazikusaidia, ndipo Alhamisi iliyopita mimi na mume wangu tukaenda kliniki moja ya Milimani, kwa daktari wa mishipa ya fahamu anayekuja siku hiyo kutoka Nairobi.

Alinibandika nyaya, umeme mdogo ukanirusha vidole. Halafu akadunga sindano nyembamba kwenye msuli wa mkono. Aliniambia msuli ukipumzika, mashine hunyamaza. Haikunyamaza. Ilitatarika kama omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye mafuta ya moto.

Kisha akashuka pajani.

"Daktari, mguu ni mzima."

"Najua, Mama. Ulegeze tu."

Niliulegeza. Mashine ikatatarika vilevile.

Akamwita Baba Apiyo nje. Mume wangu aliporudi alisema, "Ni mishipa imechoka tu. Utapona." Alikuwa akitazama ukuta.

Leo nilimwambia naenda kununua vifungo, nikarudi Milimani peke yangu.

"Nilidhani mumeo amekueleza," daktari akasema. Akavuta kiti karibu, akanieleza. Mishipa inayoamuru misuli inakufa polepole. Mkononi sote tunaona. Mguuni bado hakuna anayeona, lakini sindano imesikia. Kipimo peke yake hakitoshi, atanipima tena, ila kwa yote aliyoyaona hana shaka kubwa. Dawa ya kuponya hakuna.

"Wengi huja wakiwa hawawezi kumeza. Wewe umekuja mapema."

"Mapema ya nini?"

"Ya kuamua mambo yako mwenyewe, ukiwa bado na nguvu na sauti."

Nilimkuta Baba Apiyo jikoni anakata sukuma wiki.

"Nimetoka Milimani," nikasema.

Aliweka kisu chini. Hakuniuliza nilienda kufanya nini.

"Nilitaka ulale usingizi kidogo, Mama Apiyo. Kidogo tu."

"Sijalala tangu uanze kuosha sahani."

Akaketi sakafuni, akalia. Mimi sikulia. Nilimwambia kuanzia leo, neno lolote la daktari litafika kwangu kwanza. Akakubali haraka. Haraka mno.

Labda ni mapenzi. Labda kuna lingine alilonificha.

Kukikucha nitamuuliza daktari alimwambia nini kingine, na nitamtazama machoni mpaka amalize kujibu.