Kichupa Kitupu Kimemeza Haidrojeni

Shoga, uko wapi? Nimeumbuka leo, tena mbele ya idara nzima.

Si unaujua ule unga wetu mweusi wa kaboni? Miezi mitatu nakuimbia kwamba unameza haidrojeni kuliko wa mtu yeyote. Leo nikautia kwenye kichupa cha chuma, nikajaza gesi, nikawaonyesha. Presha kwenye geji inashuka, mimi natamba: "Mnaona? Gesi inaingia kwenye kaboni."

Profesa akasema polepole, "Binti, hebu mwaga huo unga. Pima kichupa kikiwa kitupu."

KITUPU.

Nikamwaga, nikajaza gesi upya. Presha ikashuka vilevile! Kichupa kitupu, shoga, kimemeza haidrojeni sawasawa na unga wangu!

Kuna mtu alicheka kule nyuma. Profesa hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza tu, "Nani alikagua kama kunavuja?"

Nani? Zamani mimi nakaza nati za kichupa, wewe unapaka povu la sabuni, hatuwashi kitu mpaka useme sawa. Tangu uhame nakaza mwenyewe, najiambia sawa mwenyewe, halafu nakula mwenyewe kwenye ile meza yetu ya dirishani.

Sasa wote wameondoka. Brashi yako bado ipo kwenye kikombe kilekile. Nimeichukua, nikapaka povu kwenye nati ya chini. Kikatokeza kipovu kimoja, kikavimba taratibu. Miezi mitatu gesi ilikuwa inatorokea hapo.

Nikageuka nikuite uje uone.