Pasi au Tiketi
Groningen, Jumatano

Kaka Wiebe,

Paka kazaa jikoni, na mvua haijakatika. Barua yako ya tatu imefika, na bado unauliza: ununue pasi ya treni zote, au tiketi moja moja kutoka Lisbon hadi hapa?

Mama aliandika siku ya kuja kwako kwa penseli, kwenye ile kalenda ya siku za kuzaliwa iliyotundikwa chooni. Aliifuta mara nne, kila ulipoahirisha. Nikamwambia, "Mama, achana naye." Akasema, "Mtoto anatafuta nafuu, mwache."

Tulimzika Mama jana. Sikukupigia simu, ungeanza kuuliza upya.

Basi nunua pasi. Tiketi ina saa yake, lazima uwahi. Kwa pasi utashuka mji wowote, ulale, uzurure. Hakuna anayekusubiri tena.

Dada yako,
Sietske