Honi ya Mwalimu Banza

Kamina, Jumapili jioni, kiangazi

Leo kumekucha na baridi, na moshi wa nyasi zinazochomwa nje ya mji ukatanda hadi barabara ya stesheni. Niliamka na uzito ambao hata chai haikuuondoa. Tangu tumzike rafiki yangu, Mwalimu Banza, hii ndiyo mara ya kwanza klabu yetu ya pikipiki kutoka.

Hakufa barabarani, kama mama yangu alivyozoea kututabiria. Alikufa kitandani mwake, kwa homa, huku pikipiki yake ikiegemea ukuta, nzima kabisa.

Kila Jumapili baada ya misa huwa tunaelekea upande wa Kaniama, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele huchagua njia, lakini amri ya safari iko kwa wa mwisho. Kila tunaposimama, hakuna anayeondoka mpaka wa nyuma ahakikishe kwamba sote tumefika, kisha apige honi mara mbili. Mtu akiharibikiwa na pikipiki, yeye hubaki naye. Ni nafasi ya kula vumbi la wenzako wote, wala haina mgombea. Banza, mwalimu wa shule ya msingi, aliishika tangu klabu ianze.

Mimi nilitamani ya mbele. Nilijiunga nikiwa na shahada mpya na kiu kubwa ya kuonekana. Leo rais wetu, Papa Mukendi, muuza vitenge, alinivalisha kwa mara ya kwanza fulana ya njano ya kiongozi.

Tulisimama kwenye njia panda, tukanywa maji, tukawasha tena injini. Mkono wangu ulikuwa kwenye klachi, nikingoja honi.

Tukangoja.

Hakuna aliyegeuka. Papa Mukendi, aliyekuwa nyuma yangu, akapaza sauti huku akitazama mbele:

"Mwalimu! Piga basi! Ao weye iko unasahihisha ma-devoir ya batoto kule nyuma?"

Mtu akacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Tulikuwa tunamngoja marehemu.

Hakuna aliyefikiria kumteua mrithi wake. Tulijua kwamba amekufa. Hatukuwa tumejua bado kwamba hatakuwepo. Injini zikazimwa, moja baada ya nyingine. Papa Mukendi alibaki ameketi, kofia ngumu kichwani, mabega yakimtikisika.

Kwenye mazishi sikulia. Nilisoma hotuba ya Kifaransa niliyoipanga vizuri, na watu wakanisifu. Leo, pale njia panda, sikuwa na hotuba.

Nilikumbuka siku mnyororo wangu ulipokatika kwenye njia ya Luena. Banza aliuunga upesi, lakini mimi nikashindwa kupanda. Asubuhi ile nilikuwa nimepata habari kwamba nimekataliwa kazi ya Lubumbashi, kazi niliyokwisha kumtangazia kila mtu. Nikalia kando ya barabara. Yeye akaketi kwenye nyasi, akamenya muwa, akaomba asome barua yangu ya maombi kwenye simu.

"Lisansiye," akasema, kwa maana ndivyo walivyonibatiza klabuni kwa ajili ya shahada yangu, "huyu muntu unamuomba kazi, ao unamuomba akubariki?"

Nikacheka huku kamasi zikinitoka. Tulipowafikia wenzetu, aliwaambia kwamba mnyororo ndio uliotusumbua. Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye.

Hatimaye Papa Mukendi akajifuta uso. "Turudie ku nyumba," akasema. "Bila Mwalimu, klabu haiko tena. Njo mwisho."

Wawili walikwisha kugeuza pikipiki kuelekea mjini.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya jopo lolote la usaili. Hao ndio watu pekee katika mji huu ambao mbele yao siombi chochote. Wakitawanyika leo, hawatarudi. Na mimi nitabaki na shahada yangu ukutani, na Jumapili ndefu.

Nikaivua fulana ya njano, nikampelekea.

"Papa, mukuwe mbele. Minyi nitabakia nyuma."

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Weye? Na hii suruali mweupe?"

"Itafuliwa, Papa."

Hakucheka, lakini aliivaa fulana.

Nikasukuma pikipiki yangu hadi mwisho wa mstari. Waliokuwa wamegeuka wakarudi mahali pao, injini zikawashwa tena. Nikaweka kidole gumba juu ya honi, nacho kikagoma. Mbele yangu ilikuwa migongo tu. Hakuna aliyeniharakisha, hakuna aliyegeuza shingo. Nadhani walijua.

Nikapiga mara mbili. Sauti ilikuwa nyembamba, si kama yake hata kidogo. Wakaondoka.

Njia nzima nililia ndani ya vumbi lao. Ukiwa nyuma hakuna anayekuona. Wewe ndiwe unayewaona wote: nani amechoka na anainamisha bega, nani anajikaza asibaki. Sikujua kwamba muda wote ule Banza alikuwa akitutazama hivyo.

Jumapili ijayo watawasha injini na kuningoja. Je, nitaweza kuipiga honi ile bila kutega sikio kwanza, kidogo tu, nisikie kama yeye atapiga kabla yangu?