Kumkumbuka Mama Dorkasi Hiza, Aliyemwachia Mwanawe Aende Kwaluguru

Mama,

Mwaka mmoja umetimia tangu tulipokulaza kaburini hapa Kerenge, na kuna jambo ambalo hatukuliona ulipokuwa hai. Miaka yote uliyokuwa mzee wa kanisa, hakuna siku uliyosema, "Mungu ameniambia." Wengine walisema hivyo, nasi tulizoea kuwasikia. Wewe ulisema, "Ngoja nikaulize kwanza," ukajifunga khanga ya pili, ukatoka. Tulidhani unachelewa kuamua. Siku za matanga, watu walipoanza kusimulia, na kila mmoja akikumbuka swali ulilowahi kumwuliza, ndipo tulipofahamu kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia yako ya kuyatafuta mapenzi ya Mungu.

Ulizaliwa Bungu, milimani, ukashuka bondeni kuolewa na Baba yetu, Ernesti. Ulilima mpunga. Ulishona sare za kwaya kwa cherehani iliyopiga kelele kuliko kwaya yenyewe. Vijana walipokuomba mishono ya kisasa, uliwajibu, "Mtindo nitawawekea, ila mkiinama kuomba nisione mgongo wa mtu."

Tunaukumbuka mnada wa baada ya ibada, waumini wanapotoka nje kununua mazao na mifugo iliyotolewa kuwa sadaka. Wote waligombea mayai na mkungu mzuri wa ndizi. Wewe ulisubiri mwisho, ukanunua papai lililopondeka au jogoo mzee asiyetakiwa na mtu. Binti yako Loyce alilalamika kwamba jogoo wale hawaivi. "Aliyemleta anatazama," ulimwambia. "Asirudi nyumbani akidhani sadaka yake imekataliwa." Tukatafuna, Mama. Mpaka leo meno yetu yanakumbuka.

Turuhusu tulisimulie hapa jambo la Raymond, maana wengi walisikia nusu yake tu.

Raymond, kitindamimba wako, alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu wa Kerenge, na nyumba yake ilitazamana na yako. Moyo wako ulikuwa umeanza kuchoka na miguu inavimba. Yeye ndiye aliyekupeleka kliniki Korogwe, yeye ndiye aliyejua vidonge vya asubuhi na vya jioni. Loyce yuko Tanga kikazi. Mimi, Matayo, niliyeombwa na familia kuandika haya, nafundisha theolojia chuo kikuu mbali na nyumbani. Januari ya mwaka jana mchungaji wa usharika aliliomba baraza la wazee limwachie Raymond ahamie Kwaluguru, upande wa Handeni, ambako familia chache za wakulima waliotoka milimani zilikuwa zikisali sebuleni kwa mtu, bila mtumishi. Kila aliyekupenda alisema hapana.

Mzee Dunstan, mwenyekiti wa wazee, alitafuta njia ya kukataa bila kuonekana anakataa. Alikumbusha kwamba katika Maandiko watu wa kale waliomba alama. "Nasi tuombe," akasema. "Mvua ikinyesha kabla ya Jumapili ijayo, Raymond aende. Isiponyesha, abaki." Wazee wakaitikia amina kwa haraka. Kila mkulima wa Kerenge anajua Januari ilivyo: vuli imekwisha, masika haijaanza, na vumbi limelala mpaka juu ya majani ya michungwa.

"Dunstan kaka yangu," ulimwuliza, "alama hiyo mbona hukungoja uiombe mwezi wa Aprili?"

Wiki ile mawingu yalijikusanya juu ya Bungu. Mvua ilionekana kutoka huku ikinyesha mlimani, nyeupe kama pazia, na bondeni halikudondoka hata tone. Jumapili, ibada ilipokwisha, wazee walibishana uani kwa kanisa.

"Imenyesha, tusimdanganye Mungu!"

"Imenyesha kwao! Mvua ya Bungu haihesabiwi huku bondeni."

"Mama Dorkasi, mawingu ya kwenu yale. Umeyatuma wewe."

Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Kumbe Mungu wa mlimani na Mungu wa bondeni ni wawili? Hilo kwenye kipaimara hatukufundishwa." Kisha ukasema kwa upole, na Mzee Dunstan mwenyewe ndiye aliyetusimulia: "Ndugu zangu, tumeomba mvua katika mwezi usio na mvua, ili tupewe jibu tulilokuwa nalo tayari. Raymond, tumemwuliza? Watu wa Kwaluguru je, tumewauliza?" Mkakubaliana kwamba baraza lingoje mpaka urudi kutoka kuuliza.

Jioni ile nilikupigia simu. Nilikuambia, kwa maneno yaliyopangwa vizuri, kwamba mapenzi ya Mungu hayawezi kumwacha mgonjwa bila mtu wa kumtunza.

"Matayo mwanangu," ulisema, "hayo ni mapenzi ya nani? Yangu nayajua: nataka Raymond abaki. Nataka sana. Nikiamka nimwone anafagia pale mlangoni kwake. Yako nayo nayajua, unataka ulale usingizi huko uliko. Hayo mawili nikishayaweka pembeni, ndipo nitaanza kusikiliza."

Katika madarasa tunayofundisha, tunatofautisha mapenzi ya Mungu yaliyofichika, ambayo mwanadamu hana ruhusa ya kuyachungulia, na mapenzi yake yaliyo wazi, yaani kumpenda jirani. Wewe hukuitaja tofauti hiyo. Uliuliza jirani ni nani safari hii.

Ulianza kwa Grace, mke wa Raymond, kwa kuwa ndiye ambaye angehamisha jiko. Alikuambia kwamba angekwenda, ila alikuwa akiogopa watu wangesema amemtenga mwana na mama yake. Raymond alikuambia kwamba tangu mchungaji aitaje Kwaluguru hakuacha kuifikiria, na kwamba kila akiifikiria aliona miguu yako iliyovimba. Hukumwambia aende, wala hukumwambia abaki. Ulimwambia ale, chakula kinapoa.

Kisha ukamchukua Baba, mkaenda Kwaluguru. Baba anasema ulipumzika njiani mara nyingi, na kila alipokusihi mrudi ulimwambia mmefika karibu. Mlimkuta Simeo, ambaye sebuleni kwake ndipo wenzake walipokusanyika kusali. Mkewe aliwaandalia viti, lakini hakuongea. Mlichokijua mlikipata kwa jirani yao, Mzee Kibwana, Mwislamu, ambaye amelima Kwaluguru maisha yake yote. Aliwakaribisha kwake, mkala bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu, ndipo akawaeleza.

Msimu wa mvua uliopita, binti mdogo wa Simeo alifariki. Njia hazikupitika, na mchungaji hakuweza kufika. "Mimi na wanangu tulichimba kaburi," Mzee Kibwana alisema. "Tukambeba mtoto, maana mtoto ni wetu sote. Tulipofika tukanyamaza, tukawasubiri wao. Nao wakatusubiri sisi. Dua yenu hatuijui, mama. Simeo akaanza Baba Yetu. Alipofika 'mapenzi yako yatimizwe' akakwama. Hakuna aliyeweza kummalizia. Tukafukia hivyo hivyo."

Baba anasema mkono wako ulibaki ndani ya sahani. Kisha ukauliza swali ambalo Mzee Kibwana hakulitazamia. "Nawe, mzee wangu, ungependa tumlete mtumishi wetu akae jirani nawe? Maana na wewe linakuhusu."

"Mleteni," akajibu. "Ila asiwe mtu wa kipaza sauti. Nina usingizi wa kizee, ukikatika haurudi."

"Ondoa shaka. Huyo hata nyumbani kwetu hasikiki."

"Kwani unamfahamu?"

"Nimemzaa."

Mzee yule alikutazama, akatazama miguu yako. Akasukuma bakuli la kisamvu upande wako.

Baraza lilipokutana tena, uliomba kusema kabla ya kutoka nje, kwa kuwa kwa desturi yetu mzee hakai ndani jamaa yake anapojadiliwa. "Sikuleta neno kutoka mbinguni," uliwaambia. "Nimeleta neno kutoka Kwaluguru. Kule kuna mtu amekwama katikati ya sala. Kwetu hapa kuna mtu mmoja atakayeumia Raymond akiondoka, naye ni mimi, na mimi nimeulizwa. Nimejiuliza mwenyewe. Sasa pigeni kura yenu, wala msinipigie mimi." Ukatoka, ukaketi barazani.

Mzee Dunstan alitoka kukupa habari. "Haya, dada. Umeshinda."

"Nimeshinda nini, Dunstan? Nipe mkono, nani atanishusha ngazi hizi?"

Akakupa mkono. Anasema alilia kabla yako.

Baada ya Pasaka Raymond na Grace walihama. Ulifunga vyombo vyao mwenyewe, ukaficha jogoo mmoja kwenye tenga, na safari hii alikuwa jogoo mchanga. Loyce alichukua likizo akaja kukaa nawe. Alikukuta siku moja umeketi mlangoni, unautazama mlango wa Raymond uliofungwa. Akakuuliza kama sasa una hakika kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu.

"Sina," ulimjibu. "Najua kwamba tulimsikiliza kila aliyeguswa, na kwamba aliyekwama amepata mtu. Zaidi ya hapo sijaonyeshwa. Kama tumekosea, neema ipo. Nisaidie kuinua mguu huu."

Tunalitunza jibu hilo kuliko hotuba zote tulizowahi kusikia, zikiwemo zangu.

Septemba moyo wako ulisimama mchana, Baba akiwa amekushika bega, na Loyce akikupepea. Raymond alipigiwa simu asubuhi ulipozidiwa. Alifika umekwisha kwenda. Hatutaficha kwamba siku zile aliteseka sana. Aliketi karibu na jeneza akirudia kwamba alikuacha. Sisi ndugu zake, wenye maneno mengi, tuliketi kando yake tu.

Siku ya mazishi lilikuja lori kutoka Kwaluguru. Walishuka akina Simeo na mkewe, na nyuma yao Mzee Kibwana, amevaa kanzu na kofia yake, ameshikwa na wanawe wawili. Alikwenda moja kwa moja kwa Raymond. Waliokuwa karibu walimsikia.

"Mwanangu, inuka. Mama yako alikula kwangu. Aliniuliza kama nataka ukae jirani nami. Nimezeeka katikati ya watu wa dini zote, na kabla yake hakuna aliyewahi kuniuliza. Basi mimi ndiye niliyesema uletwe. Kama kuna lawama, nigawie na mimi."

Raymond akainuka. Kaburini mchungaji alipoongoza Sala ya Bwana, tulimwona Simeo akisimama bega kwa bega na Raymond. Raymond alipofika "mapenzi yako yatimizwe", sauti ilimkatika. Simeo akaendelea, kwa sauti pana ya mtu wa milimani, akaimaliza sala mpaka amina, na Raymond akaidaka amina ile.

Mama, hatudai kwamba tumejua kwa nini Bwana alikuchukua wakati ule, wala hatudai kwamba Raymond angekuwapo usingeondoka. Ulitufundisha tusichungulie mahali ambapo hatukuonyeshwa. Tunachoweza kusema ni kile kilichoonekana. Ulimpenda mwanao, ukasema wazi kwamba unamtaka, kisha ukamwachia aende kwa watu waliomhitaji kuliko wewe. Na wewe ulimhitaji sana.

Tunakukumbuka ukiuliza, "Umekula?" kabla ya "Habari za masomo?" Tunakukumbuka ukiiacha sauti yako ya pili na kuimba ya kwanza kwa makusudi, ili jirani yako asiyejua apate kukufuata. Tunaukumbuka mkono wako wenye alama za sindano, uliowekwa juu ya vichwa vyetu bila maneno.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mumeo Ernesti, watoto wako Matayo, Loyce na Raymond, mkweo Grace, wajukuu wako wote, ndugu zako wa Bungu, Mzee Dunstan na wazee wa mtaa wa Kerenge, Simeo na wenzake wa Kwaluguru, pamoja na jirani yao Mzee Kibwana. Siku zote za uhai wetu hutatoka mioyoni mwetu.

Siku hizi baraza la wazee la Kerenge halipigi kura juu ya mtu yeyote mpaka wawili kati yao wawe wamekwenda kumwuliza yeye na wote watakaoguswa. Na tangu Raymond afike Kwaluguru, hakuna aliyezikwa kule bila mtumishi wa kusimama kando ya kaburi.