Kisima Chako Nakifunga Mwenyewe

Baba yangu,

Salamu zangu ni dua, maana huko uliko hakuna nyingine inayofika. Sisi wazima, ila mjukuu wako Mwanaidi ndiyo kwanza anainuka kitandani. Siku nne tumbo lilimwendesha hata macho yakaingia ndani. Nitakueleza sababu, nawe nisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Tangu tukuzike, masika ya tatu haya, mtaa wetu wa Ng'ambo usingeujua. Lile bonde la mpunga nyuma ya msikiti, lililokuwa likimeza mvua yote, limejazwa kifusi na taka, na juu yake zimesimama nyumba. Watu wanatoka mashamba, wanatoka bara, kila mtu anataka pa kulala. Siwalaumu. Lakini mvua haikuambiwa kwamba bonde halipo. Mwaka huu ilipita vichochoroni, ikaingia vyooni, ikatoka, ikaenda ilikotaka.

Na wenye nyumba mpya wanahitaji mashimo ya choo. Wamtafute nani? Fundi wa visima, mwanao. Ulinikataza, nakumbuka. Ulikuwa ukitia udongo kiganjani, ukiunusa, kisha unaniambia: "Mkono unaochimba maji hauchimbi choo, we Haji." Nikicheka pembeni, nikidhani ni majivuno ya mafundi wa zamani. Nimechimba saba, Baba. Matatu yako upande wa juu wa kisima chako, kile ulichokitoa wakfu. Tena niliyachimba marefu, kwa ufundi uleule ulionifunza, mpaka udongo ukatoka na unyevu wa maji yaleyale yanayolisha kisima chako. Wenyewe wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Sasa maji yako yana utelezi kinywani, na ndoo ikikaa mpaka adhuhuri inanuka. Nimewaambia majirani wasinywe. Bi Kazija akanicheka: "Maji ya wakfu hayadhuru, mwanangu. Marehemu kachimba kwa nia safi." Unamjua, kila akivuta ndoo hukuombea rehema kwa sauti. Wiki iliyopita tumemzika mjukuu wake wa kiume, kwa tumbo lilelile. Baada ya matanga alirudi na ndoo yake, akavuta, akakuombea tena. Mimi nimesimama palepale.

Kesho baada ya sala ya alasiri nakifunga. Zege nimeshaitayarisha. Naogopa, Baba, na ninayemwogopa ni wewe. Tumefunzwa kwamba maadamu watu wanakunywa, thawabu zako zinaandikwa. Mwanao ndiye anayezikata.

Wala sijui kama kufunga kutatosha. Kisima cha mtaa wa pili nacho kimeanza utelezi, na juzi nimeona mkokoteni wa kifusi ukielekea bonde la chini, lile la mwisho lililobaki. Vyoo vya mtaa wa pili sikuchimba mimi. Kachimba mwengine, na kila mtu anamsifu.

Mungu akulaze pema, Baba. Nakuahidi choo kingine sichimbi. Na kesho, kabla sijamwaga zege, nitamwambia Bi Kazija kwa kinywa changu nani aliyeyatia sumu maji aliyomnywesha mjukuu wake. Akiacha kukuombea, usimwekee kinyongo. Mlaumu mwanao.

Haji