Nukta za Visima Arobaini na Viwili

Chumba cha Skana,
Ghorofa ya Chini ya Ardhi,
Maktaba Kuu.
Jumatatu, saa nne asubuhi.

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu za mjomba wako, nyingi kiasi kwamba kama zingekuwa na uzito posta wangezikataa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kwamba goti limeacha kukusumbua, na kwamba unakula, maana mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba kama uzi. Ukitaka kujua hali yangu, mwili haujambo. Kifua kinakwaruza kwa vumbi la karatasi, lakini nacho tumeshazoeana. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana na anauliza lini utakuja.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo mfukoni. Kwenye simu ulimi wangu hunitangulia, nami nabaki nyuma nahema. Kalamu ni nzito. Kwa kalamu labda nitaufikia.

Nilikwambia zamani kwamba mimi ndiye mkuu wa tasnifu zote za uzamivu za chuo hiki, na kwamba hakuna daktari wa falsafa aliyehitimu hapa bila kupita mikononi mwangu. Hilo la pili ni kweli, ila wamepita wakiwa wamefungwa kamba, juu ya kitoroli. Wenzangu huniita Profesa wa Chini. Fundi wa majalada, mzee mwenye ulimi wa wembe, anasema ni "chini" kwa sababu ya ghorofa na tena "chini" kwa sababu ya darasa nililoishia. Namwambia aendelee kucheka, yeye kwa miaka thelathini na gundi yake hajapewa hata ualimu msaidizi.

Ninyi mlio juu mnaona nusu tu ya kazi hii. Mtu anakaa kwake, anafungua huduma ya maktaba mtandaoni, anaandika jina la mwandishi, katalogi inamletea orodha. Kama tasnifu ina faili, anaipakua. Kama haina, anaomba nakala, na ombi lake linatushukia likiwa limechapwa kwenye karatasi. Natoa kitabu rafuni, nakilaza chini ya kisu cha kukatia, nakata mgongo. Karatasi zikishakuwa huru nazipanga kwenye mdomo wa skana, mashine inazimeza moja moja. Kisha napaswa kufungua faili, kukagua kurasa kumi, na kutia sahihi kwamba nimekagua. Karatasi zenyewe hazirudi rafuni, maana rafu zimejaa. Zinakwenda kwenye magunia, na Ijumaa lori linazichukua zikasagwe. Nimesikia zinatengenezewa trei za mayai. Kwa hiyo huenda umewahi kula yai lililokalia falsafa ya mtu.

Na katika kazi hiyo hakuna wa kunifikia. Kuna siku nilimaliza tasnifu sabini na nne kabla ya chakula cha mchana, mpaka mashine ikatoa moshi na mimi nikaambiwa nikapumzike ili isiungue. Fundi wa majalada atakwambia zilikuwa ishirini na sita. Msikilize yeye.

Nimezunguka vya kutosha. Nataka kukuandikia habari za tasnifu ya marehemu mama yako.

Unajua alivyoiandika, nilikusimulia tangu ukiwa huna meno ya mbele. Visima arobaini na viwili vya mtaa wetu wa zamani, kabla kiwanda cha ngozi hakijajengwa kule juu. Kila mwezi, mwaka mzima, mama yako alichota maji, akayafunga kwenye chupa, na mimi nikayabeba kwa baiskeli mpaka maabara yakapimwe sumu. Nilikwambia nilibeba chupa sitini kwa mkupuo, mbwa saba wananikimbiza, wala haikuvunjika hata moja. Mbwa alikuwa mmoja. Chupa zilikuwa kumi na mbili kwa safari, na moja ilivunjika, ile ya kisima cha kumi na saba. Nilitaka kuijaza kwenye bomba la maabara, maana jua lilikuwa limenichoma na maji kwangu yalikuwa maji. Nilipomwambia mama yako, hakunigombeza. Alinipa chupa nyingine, akasema namba moja ya uongo itawanywesha watu wengi kuliko kisima chenyewe, na akanirudisha nilikotoka. Nikapanda baiskeli nikimtukana kimoyomoyo. Niliijaza ile chupa kisimani, kweli kabisa.

Wewe sasa unapima visima vile vile. Uliniambia watu wa pale figo zinawaharibikia, na watoto wanatokwa na vipele visivyopona. Ukaniambia pia kwamba wenye kiwanda wanadai maji yale yalikuwa hivyo tangu enzi, hata kabla yao, na kwamba hakuna duniani maandishi ya kuwapinga isipokuwa jedwali la mama yako. Nakala ya idara ililowa bomba lilipopasuka. Ile ya nyumbani aliiazima mwalimu mmoja akahama nayo, naye sasa hayupo. Ikabaki ya kwetu, ghorofa ya chini.

Ulipoikuta kwenye katalogi ulinipigia ukicheka na kulia pamoja. Ukaipakua. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, na zote nyeupe. Uliponiuliza, nilikwambia kompyuta yako ni nyepesi mno kwa tasnifu nzito namna ile, utafute kubwa zaidi. Ukatafuta. Bado nyeupe. Ndipo ulipoandika ombi rasmi, na bibi wa katalogi akaniletea karatasi ile hapa chini, akaiweka mezani, akasimama kunitazama. Yule mama akikutazama hivyo ni afadhali apige kelele.

Mwanangu, kompyuta yako haina kosa. Mimi ndiye niliyeiskani tasnifu ya mama yako, miaka mitatu iliyopita.

Siku ile niliikuta kwenye kitoroli, jalada jekundu, jina lake kwa herufi za dhahabu zilizoanza kubanduka. Sikukubali mwingine aiguse. Nilimwita fundi wa majalada na wale wawili wa rafu, nikawaambia leo mtaona ukoo wangu una vichwa vya namna gani. Nikakata mgongo kwa mkono wangu. Kabla ya kuipeleka mashineni nikachomoa ukurasa mmoja wa mbele, wa tabaruku, kwa sababu nilitajwa humo. Karatasi nyingine nikazirundika kwenye mdomo wa skana huku nikiendelea kupiga domo.

Tasnifu za zamani zilichapwa kwa taipureta, upande mmoja tu wa karatasi. Ile mashine nayo lazima uiambie isome upande gani, na karatasi uzilaze uso juu. Mimi nilizilaza kifudifudi. Ilimeza kurasa zote ikisoma migongo yao, na muda wote huo nilikuwa nimeipa kisogo, nimeinua ule ukurasa wangu, nawaonyesha watu jinsi nilivyotajwa. Fundi wa majalada alisema kwa shingo upande kwamba kumbe Profesa ana vyeti. Nilifurahi, mpwa wangu, nilifurahi kama mtoto. Sikufungua faili. Nilitia sahihi kwamba nimekagua. Ijumaa lori likaja.

Hilo ni la kwanza. Lingekuwa hilo tu ningekuomba radhi kwenye simu.

Bibi wa katalogi alipofungua faili mbele yangu akalikuza, tukaona kwamba kurasa zile si nyeupe kabisa. Taipureta ya mama yako ilikuwa na meno makali. Kila ilipogonga nukta, ilitoboa karatasi. Herufi hazikupita upande wa pili, lakini nukta zilipita. Tulipofika kwenye jedwali la visima tulizikuta zimejipanga, safu kwa safu, zimegeuka kama kwenye kioo. Nukta za desimali zote zipo. Tarakimu hakuna. Bibi wa katalogi akavua miwani. Akasema nikwambie leo hii, la sivyo atakwambia yeye.

Nikakupigia kukwambia. Kweli kabisa, nilipiga kwa nia hiyo. Ulipopokea tu ukaniuliza, Mjomba, umeipata? Nami nikasikia ulimi wangu unasema ndiyo, karatasi zenyewe ninazo hapa, faili tu ndilo bovu, chukua kalamu nikusomee jedwali.

Ulinishukuru, mwanangu, mpaka nikaona aibu, na aibu ile badala ya kunizuia ikanisukuma. Nikaketi mbele ya zile nukta. Ukataja kisima cha kwanza, nikasema sifuri nukta sifuri tatu. Ukashusha pumzi, ukasema ndivyo ulivyodhani siku zote. Nikajua namba ndogo zinakufurahisha. Nikakupa ndogo. Cha pili, cha tatu, cha nne. Kila nilipoona nukta nilijaza pembeni kile nilichosikia sauti yako inakitamani. Hapa na pale nilitia kubwa kidogo ili ionekane kweli, kama mpishi anavyotia chumvi. Siku mbili tulifanya kazi ile. Ulipomaliza ulisema umemsikia mama yako anazungumza.

Aliyekuwa anazungumza ni mimi. Hakuna hata namba moja ya mama yako katika yale niliyokusomea. Hata kisima cha kumi na saba, ambacho nilikirudia kwa baiskeli juani, namba yake sikuijua na siijui. Nilikuwa nabeba tu.

Jana uliniandikia kwamba Alhamisi ya wiki ijayo unasimama mbele ya tume ya maji, wenye kiwanda wamekaa na wanasheria wao, na kwamba jedwali lile umeliweka ukurasa wa kwanza. Unasema watu wa mtaa watakuja na wagonjwa wao. Usisimame nalo, mama. Wanasheria watataka kuona karatasi, watapiga simu hapa, na hapa hakuna karatasi. Wakikukamata na namba za uongo, hata vipimo vyako vya kweli vya leo watavitupa. Nawe utakuwa umeuzika mtaa kwa jina la mama yako. Najua ukiliondoa unabaki mikono mitupu, na kiwanda kitarudia kile kile kinachodai. Sina cha kukupa mahali pake. Nimefikiri usiku na mchana, na sina.

Bibi wa katalogi, aliyedhani nimeshakwambia ukweli, nimemweleza yote asubuhi hii, na la simu pia. Amelia kwa hasira. Ameondoa faili mtandaoni na kuandika kwenye katalogi kwamba tasnifu hii imepotea kwa kosa la mfanyakazi. Niliomba aandike jina langu, akasema katalogi si mahali pa majina ya watu kama mimi. Barua yangu kwa mkuu wa maktaba imeshapelekwa juu. Kama tume itakubali kumsikiliza mtu wa darasa la sita, nitakuja nisimame niseme kwamba maji yale niliyanywa, niliyabeba, na kwamba hatukuwa na mgonjwa hata mmoja wa figo. Najua wataniuliza ushahidi. Najua pia kwamba wakiuliza nimewahi kusema uongo, wewe ndiye utakayejibu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ule ukurasa niliouchomoa. Ndio pekee uliobaki. Utaona umekunjwa katikati na mkunjo umechakaa. Mimi ndiye niliyeukunja, miaka mitatu nilikuwa nawaonyesha watu nusu ya chini tu, yenye maneno yangu, na hata hayo nilikuwa nayafunika kidogo kwa kidole. Sasa ufungue wote. Nakunakilia hapa, karatasi isije ikachanika njiani:

"Kwa binti yangu, ambaye bado anatambaa, na ambaye siku moja atakuja kuisoma kazi hii. Na kwa kaka yangu, ambaye hataisoma, lakini alinibebea maji yake yote."

Kidole changu kilikuwa kinafunika yale maneno "ambaye hataisoma".

Wasalimie wote hapo ulipo. Usinipigie kabla hujalia ukamaliza, na ukiamua usinipigie tena simu maisha yako yote, nitaelewa. Mkaza mjomba wako bado hajui, nitamwambia nikifika nyumbani. Kula, mwanangu. Ulinde lile goti.

Ni mimi mjomba wako,
mbeba maji.